Mashua Iliyolala Bustani Mbili

Juzi daktari alinipa vidonge vya mafuta ya samaki kwa ajili ya magoti yangu, ambayo siku hizi hutangaza mvua kabla ya redio. Nilikuwa jikoni nikipambana na kifuniko cha chupa, kidonge kimoja kikaanguka, nikakikanyaga. Harufu ikapanda. Kuna watu, rafiki yangu, ambao harufu ya asmini huwarudisha kwa mama zao. Mimi harufu ya ini la samaki ilinirudisha Kingstanding, kwenye bustani yetu ya nyuma, chini ya pua ya mashua.

Labda unashangaa mashua ilikuwa inatafuta nini Kingstanding. Hata sisi tulishangaa. Kingstanding ni mtaa wa Birmingham, na Birmingham iko katikati kabisa ya Uingereza. Ukitaka bahari chagua upande wowote, utachoka sawasawa. Lakini jirani yetu, fundi mitambo mwenye vidole vinene na sauti ndogo, alikuwa na mashua ya mbao yenye mlingoti, matanga mawili na kijichumba cha chini chenye vitanda vyembamba kama rafu za duka. Wakati wa kiangazi ilikaa pwani ya Wales. Majani yalipoanza kupukutika aliileta nyumbani kwa lori la kuazima ili ilale mpaka baridi ipite, na mtaa mzima ulitoka milangoni kuitazama ikipita kati ya nyumba, mlingoti umelazwa juu yake.

Nyumba yake ilikuwa ya pembeni, yenye lango pana upande wa nyuma. Bustani ilitosha kabisa kuilaza mashua kwa urefu, ila huko kwenye urefu mkewe alikuwa na kabichi zake, na kabichi zilikuwa zimetangulia. Basi ikabidi mashua ilale kwa upana. Kwa upana haikutosha. Kila vuli jirani aling'oa mbao za ua uliotutenga, akaisukuma mashua hadi pua yake ikaingia kwetu, ikasimama juu ya magogo mbele ya dirisha la jikoni kwetu. Nyanya, ambaye alikuwa mtu wa Mombasa, alituambia kwamba nyuma ya chombo huitwa tezi na mbele huitwa omo. Kisha akatoa hukumu, bila kumuuliza mtu: tezi ni yao, omo ni yetu.

Nikueleze tulifikaje hapo. Baba alikuwa karani wa reli Nakuru. Babu yake alitoka Bara Hindi kujenga hiyo reli, na kutoka kwake ukoo ulirithi pasi za kusafiria za Kiingereza na miguu mirefu. Mama alikuwa binti wa Mombasa. Sisi watoto watatu hatukuwa tumeiona bahari hata siku moja, na baba alituahidi kwamba Krismasi ile angetupeleka kwa Nyanya tuione. Kabla ya Krismasi gari lililowabeba yeye na mama kutoka Naivasha lilianguka, wala hawakurudi. Badala ya sisi kwenda Mombasa, Mombasa ikaja kwetu. Nyanya alishuka kwenye treni na sanduku la bati, akakaa kitandani, akasema, "Haya, wanangu, nani amekula?" Mwaka uliofuata, mwishoni mwa miaka ya sitini, rafiki wa baba aliyetangulia Birmingham alitutafutia nyumba, tukaondoka.

Mimi ndiye mkubwa. Nilipofika umri wa kuruhusiwa kuacha shule, niliiacha Ijumaa, na Jumatatu nikaingia kiwanda cha skrubu. Sikulia. Nyanya alikuwa akiamini Kiingereza ni ugonjwa wa koo na hakutaka kuambukizwa, mdogo wangu wa kiume alikuwa bado shule ya msingi, na kitinda mimba wetu alikuwa hajaanza hata hiyo. Mtu alipaswa kuleta unga. Ila kulikuwa na deni moja ambalo mshahara haukuweza kulilipa. Mdogo wangu aliniuliza, mara ya kwanza alipoiona mashua, "Dada, baba alisema tutaiona bahari. Sasa nani atatupeleka?" Nikamjibu kwamba nitawapeleka mimi. Ahadi ni deni, hasa ile uliyoachiwa, ambayo hukuiweka wewe.

Basi unaelewa kwa nini kazi ya kuilaza mashua kila Oktoba tuliifanya kana kwamba ni ibada. Jirani alikuwa na utaratibu wake. Kwanza kuosha chumvi yote kwa maji ya bomba. Kisha kumwaga maji ya tangi, kupaka injini grisi, kuvua magodoro na kuyapeleka ndani. Matanga yalilowekwa kwenye beseni la kuogea la nyumba yake, kwa hiyo kwa siku kadhaa mkewe aliogea kwetu, akija amebeba taulo na uso wa mfia dini. Baadaye matanga yalitundikwa kwenye ngazi ya ndani yakauke, na ukitaka kupanda kulala ulipita kati yake kama mtu anayepenya mawingu. Mwisho turubai, lililofungwa kwa namna ya kuacha upenyo, maana jirani alisema mashua ikikosa hewa huoza kama kiazi.

Kamba zilikuwa kazi yetu. Tuliziosha kwenye sinki letu. Mwaka wa kwanza, kabla sijafungua bomba, mdogo wangu aliuchukua mwisho wa kamba akautia mdomoni, akaunyonya polepole, macho ameyafumba. Nilimuuliza anafanya nini. Akasema anaonja bahari. Mdogo wake akataka naye. Nyanya akatoka jikoni kuja kuwakaripia, akasimama, akaitazama kamba, akaichukua akaionja kidogo kwa ncha ya ulimi. Akasema ina chumvi ya kutosha ila imekosa pilipili.

Nyanya na mke wa jirani hawakuwa na lugha moja, na katikati nilikuwa mimi, mkalimani, nikipunguza makali huku na huku. Siku moja Nyanya alimwita mdogo wangu kwa mtindo wa mabibi wote wa pwani: "Mume wangu, njoo ule, chakula kinapoa." Mke wa jirani aliuliza bibi anasema nini. Nikasema anamwita mjukuu. Kitinda mimba wetu, ambaye Kiingereza chake kilishapita cha sisi sote, akasema kwa sauti safi kwamba hapana, anamwita mume wake, na mimi ananiita mke mwenziwe. Mke wa jirani akaweka ndoo chini. Ilinichukua muda mrefu kumweleza kwamba kwetu bibi na wajukuu hutaniana hivyo. Alisikiliza mpaka mwisho, akafikiri, akasema ni desturi nzuri, kwani yeye kwa miaka mingi amejiona bibi na mumewe mjukuu.

Alikuwa na sababu. Jumapili za baridi, jirani alitandaza ramani za bahari kwenye meza ya jikoni, akazikandamiza pembe kwa chupa ya sosi na kopo la chai, nasi tukamzunguka. Hapo ndipo safari zilipofanyika. Kwa penseli tulivuka kwenda Ireland, tukashuka Ufaransa, tukazunguka Uhispania. Mdogo wangu aliuliza kama mstari unaweza kufika Mombasa. Mtu mwingine angecheka. Jirani alikwenda kutafuta ramani nyingine, akaiunganisha kwa gundi, akasema kwa sauti yake ndogo kwamba tutahitaji maji mengi ya kunywa. Nyanya aliulizwa kuhusu chakula. Akatangaza kwamba chapati zitadumu hadi Malta, baada ya hapo watu watakula walichovua. Mkewe, akimenya viazi, alisema kwamba kila baridi mume wake huizunguka dunia, na kila kiangazi hufika mwisho wa gati, akatapika, akarudi. Jirani hakukana. Alinoa penseli.

Vuli ninayotaka kukusimulia ni ile ambayo mke wa jirani alichoka. Alitaka nyumba ya vioo ya kuoteshea nyanya, zile za kuliwa, na mahali pake palikuwa palepale tezi ilipolala. Akasema baridi hii ikipita mashua inauzwa. Alikuwa ameshapata mnunuzi, bwana mmoja wa Sutton Coldfield, ambaye angekuja kuitazama mashua, hali ya hewa ikianza kuchangamka. Jirani alikubali kwa kichwa. Siku ile hatukutandaza ramani. Mdogo wangu alirudi nyumbani, akakaa chini ya omo, na mimi kazini nikawa naangalia skrubu zikidondoka kwenye ndoo nikifikiri: ikiuzwa hii, bahari imekwenda nayo. Nauli ya treni kwenda Wales kwa watu wanne, na mahali pa kulala, vilikuwa mbali na mshahara wangu kama Malta yenyewe.

Sasa, ili kuiandaa kwa mnunuzi, jirani alibandua rangi yote ya zamani kwa msasa, tezi hadi omo, akaacha mbao tupu zikauke vizuri, apate kuipaka upya baridi ikiisha. Nyanya alichungulia dirishani akaona mti umeachwa uchi kwenye barafu. Kwao hilo lilikuwa kosa kubwa. Chombo kikipandishwa pwani hupakwa sifa, alisema, yaani mafuta ya papa, mti unywe, ushibe, ndipo ulale. Alinituma nimwambie jirani. Nikamwambia. Jirani akajibu kwamba Birmingham hakuna papa, na akadhani mazungumzo yameisha.

Papa hakuwepo, lakini kliniki ilikuwepo. Siku zile kliniki iligawa mafuta ya ini la samaki kwa watoto wadogo, kijiko kimoja kwa siku, na hakuna mtoto aliyeyameza bila kushikwa pua. Kitinda mimba wetu alikuwa bingwa wa kuyatema. Chupa zilijaa kabatini. Nyanya akazitoa, akaona hazitoshi, akajifunga leso, akapita nyumba hadi nyumba za mtaa, yeye na kitinda mimba kama mkalimani. Watoto wa Kingstanding walimpokea kama mkombozi. Mama zao wakadhani ni bibi maskini anayehitaji dawa, wakampa na biskuti juu.

Mimi nilikuwa kazini. Niliposhuka kwenye basi jioni, harufu ilikuwa imenitangulia kituoni. Nikadhani gari la samaki limepinduka. Nilipofika nyumbani nikamkuta Nyanya amesimama juu ya stuli, brashi mkononi, anamalizia omo. Upande wetu wote uling'aa kama mtu aliyetoka kuoga. Ulipofika mstari wa ua, mafuta yaliishia hapo, wima, kama yamekatwa kwa kisu. Tezi si yetu, alisema. Hapaki mali ya watu bila ruhusa.

Jirani alikuja akaizunguka mashua. Akagusa, akanusa kidole. Akasema ni jambo la kuvutia sana. Nilikuwa nimeshakaa Uingereza vya kutosha kujua kwamba maana yake ni msiba. Kisha akaniuliza, taratibu, kama bibi anajua kwamba rangi haishiki juu ya mafuta. Nikamuuliza Nyanya. Nyanya akasema rangi ya nini, mti umeshashiba. Nilimtafsiria jirani kwamba anasikitika.

Usiku uleule paka walianza kuja. Mwanzoni wale wa mtaa wetu, baadaye wageni kabisa, paka wenye nyuso za watu waliosafiri. Walipanda juu ya turubai, wakalamba mbao, wakalala safu kutoka puani hadi pale mafuta yalipokoma. Kitinda mimba akawapa majina ya bandari zetu za kwenye ramani. Kwa hiyo baridi ile, ingawa jikoni kwa jirani meza ilikuwa tupu, nyumbani kwetu ungesikia kwamba Lisbon amempiga Malta, kwamba Aden amezaa ndani ya kapu la nguo, kwamba Gibraltar amekula nyama ya mchuzi. Mke wa jirani alikuja na ufagio kuwafukuza. Wiki iliyofuata nilimwona ameketi kwenye kizingiti na Lisbon mapajani. Alipoona namtazama alisema paka huyu ni wa heshima kidogo kuliko wenzake.

Mnunuzi alikuja siku ya kwanza ya jua. Alikuwa amevaa koti la rangi ya ngamia na glovu za ngozi. Jirani alikuwa ameshaipaka tezi rangi nyeupe, ikapendeza. Omo nayo aliijaribu mara mbili, rangi ikateleza ikakusanyika chini kama maziwa yaliyomwagika, akaacha. Bwana yule alianzia upande wa jirani, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akagonga mbao, akasifu. Mdogo wangu alikuwa amesimama karibu yangu. Sikumtazama, lakini alikuwa ameshika upindo wa sketi yangu, kitu alichokuwa ameshaacha kukifanya.

Kisha bwana akaupita mstari wa ua. Paka wakainua vichwa wote kwa pamoja. Akapiga chafya. Akaweka mkono kwenye omo, akautoa, akaitazama glovu yake. Akauliza hiki ni kitu gani. Jirani alitazama viatu vyake. Nyanya akatoka jikoni na kikombe cha chai kwa ajili ya mgeni, akaniuliza bwana anataka kujua nini. Nikamwambia.

"Mwambie ni sifa," alisema Nyanya, akijivuna. "Mti umekunywa hadi moyoni. Na bado ni baridi. Jua likikolea ndipo atakapoisikia harufu yenyewe."

Nilikwisha kukuambia kwamba kazi yangu ilikuwa kupunguza makali. Miaka yote ile sikuwa nimepeleka maneno ya Nyanya yakafika mazima. Siku hiyo niliyatafsiri neno kwa neno, na nilipofika kwenye jua nikalitamka taratibu, lisipotee.

Bwana wa Sutton Coldfield aliikataa chai. Alisema atafikiri, akaondoka akiwa ameishika glovu mbali na koti, na Malta akamsindikiza hadi kwenye gari.

Nilingoja mke wa jirani atukane. Alimtazama mumewe, akaitazama mashua, nusu bibi harusi na nusu sambusa, akamtazama mdogo wangu na ule upindo wa sketi. Akasema, "Kiangazi kimoja. Kimoja tu, na utawachukua hawa watoto." Akaingia ndani akapiga mlango. Baada ya dakika akafungua tena akamwita Lisbon.

Viwanda vilipofunga kwa likizo tukaenda Wales. Nyanya alikaa mbele karibu na dereva wa lori, sisi nyuma na mashua, na njia nzima watu walitupungia mikono hadi upepo ulipowafikishia harufu. Nilikuwa nimeogopa kitu kimoja: kwamba baada ya kungoja kote huku bahari isingetosha. Na kusema kweli ilikuwa ya kijivu, baridi, na mvua ilikuwa inaidonoa. Nyanya aliitazama, akauliza mbona imepauka hivi, imeugua? Akakataa katakata kupanda. Alisema bahari aliyoijua ni ya kutazamwa, na kwamba mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, kwa hiyo yeye angetungoja huko tutakakorejea. Akakaa ufukweni na mke wa jirani chini ya mwavuli mmoja, wakinywa chai moja, kila mmoja akiongea lugha yake, wakielewana vizuri kuliko nilipokuwa nawatafsiria.

Jirani alitapika kabla hatujaupita mwisho wa gati. Alilala chini akaniambia nishike kana, ule mti wa kuongozea usukani, nami nikaushika, maana baridi tatu nilikuwa nimeushika bustanini Kingstanding nikielekea Uhispania. Ndege wa baharini walitufuata kwa makumi, wote upande wa omo. Kitinda mimba akawahesabu kuwa ni paka wenye mabawa.

Mdogo wangu alitambaa hadi ukingoni. Aliinama ubavuni, akachota maji kwa kiganja, akayatazama kana kwamba baba yumo ndani yake. Kisha akayaonja, kwa ncha ya ulimi, macho ameyafumba kama siku ile ya kamba. Akanigeukia.

"Dada," alisema, "ni ileile."

Nikamwambia ndiyo, ni ileile. Nikaendelea kushika kana, kwa sababu mtu alipaswa kuishika, na upepo ulikuwa mzuri wa kukausha uso. Hatukufika mbali. Nyanya alipunga leso ufukweni, ishara kwamba chapati zinapoa, tukageuza.

Kile kiangazi kimoja kilizaa vingine, kama ulivyotazamia, hadi mbao zenyewe zilipochoka. Nyumba ya vioo ilijengwa juu ya kabichi. Nyanya tumemlaza hapahapa Birmingham, na mke wa jirani alikuja mazikoni amejifunga leso kichwani, hajui afanye nini na mikono. Jirani alimfuata baadaye kidogo, na mkewe akawafuata wote wawili. Nilipita kule mwaka jana kwa basi. Ua umekuwa wa saruji, mnene, hauna pa kupitisha hata pua ya mtumbwi. Watu wa siku hizi, sijui, bustani ya kila mmoja inamtosha. Mdogo wangu ana wajukuu sasa. Ile ramani iliyounganishwa kwa gundi iko ukutani kwake, mstari wa penseli umeishia Malta. Nikimwambia ndege inafika Mombasa kwa siku moja, hujibu kwamba tulikubaliana kwenda kwa mashua.

Basi ninameza vidonge kama daktari alivyoagiza. Ila kile kilichopasuka sikukitupa. Nilitoka nacho nje, nikakipaka kwenye ua wa nyuma, upande wangu tu. Sikuwa nimefika mlangoni kurudi ndani, paka wa jirani wa siku hizi, ambaye jina lake sijapata kuliuliza, alikuwa ameshafika. Nikamwita Aden. Aligeuka.